Chuoni Nani Mwenyeji, Nani Mgeni?





Miongoni mwa maswali wanayouliza ndugu zetu walioingia katika Islam karibuni, na hata wale ambao wangali wakiichungua dini hii kwa nia njema, liko moja linalohusu vijana wanaokwenda kusoma katika vyuo vikuu. Huuliza: Kijana Mwislamu akifika chuoni na kujikuta kati ya watu wa dini zote na makabila yote, afanye nini? Ajitenge na wenziwe ili ailinde imani yake, au achanganyike nao hata isijulikane tena kuwa yeye ni nani?

Swali hili si dogo. Zamani liliwahusu wachache waliokwenda Makerere, au waliopanda meli usiku hadi Mwanza na kuendelea kwa gari moshi hadi Dar es Salaam. Leo linabisha hodi katika nyumba za Bukoba na Muleba, kwani katika miaka hii ya 2020 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliingia katika kazi ya kujenga kampasi mkoani Kagera. Chuo kikija kwenu, watoto wa watu huja kwenu pia: Msukuma atakuja, Mmakonde atakuja, Mzanzibari atakuja. Kwa hiyo swali linageuka. Haitoshi tena kuuliza kijana wetu atapokewaje ugenini. Yatupasa tuulize pia sisi tutawapokeaje wageni.

Jibu la Islam, kama tutakavyoona, ni kwamba Mwislamu hatakiwi kujitenga wala kujificha. Anatakiwa awe mwenyeji mwema kwa yule aliye mpweke kuliko wote, hata kama yeye mwenyewe ni mgeni mahali hapo. Tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

Neno "kusoma" na milango iliyofungwa

Katika Buganda ya karne ya 19, watu walioingia katika Islam na wale walioingia katika Ukristo wote waliitwa "abasomi", maana yake wasomaji, kwa sababu kuishika dini mpya kulianza kwa kujifunza herufi. Kihaya ni ndugu wa karibu wa Kiganda, na huko nako kusoma na kushika dini vilikwenda pamoja. Hata leo Mhaya akiwa mbali na kwao hutaniwa na wenziwe kwa neno "nshomile", yaani "nimesoma", kana kwamba kila Mhaya anajivunia vitabu vyake. Utani ni utani, wala hauna ubaya. Lakini ndani yake mna onyo: elimu ikimfanya mtu ajione mwenye nyumba na wengine wote wapangaji, basi elimu hiyo haijamfikia moyoni.

Islam ilizifikia nchi hizi kwa njia ya biashara. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, katika ufalme wa Karagwe. Mapadri wa White Fathers walifika Kashozi mwaka 1892, na baadaye Walutheri nao wakaja. Wamisionari walijenga shule nyingi, na haifai Mwislamu akanushe manufaa yake. Kadinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kadinali, mwaka 1960, na Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984, wote wawili ni watu wa Bukoba. Nchi iliyotoa watu kama hao ilikuwa na walimu waliofanya kazi kwa bidii.

Walakini shule ya dhehebu huwa na mlango wa dhehebu. Wazazi wengi wa Kiislamu walikuwa na hofu kwamba mtoto akipelekwa huko atarudi na jina jingine na dini nyingine. Basi baba alisimama njia panda: akimpeleka mwanawe, anaihofia imani yake, asipompeleka, anamnyima elimu. Wengi walichagua kumzuia, na matokeo yake yalionekana kwa miaka mingi: Waislamu wakawa wachache darasani, na katika vyuo vikuu wakawa wachache zaidi.

Serikali ya Tanzania ilipotunga Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za mashirika ya dini zilichukuliwa na taifa, na kumbagua mwanafunzi kwa ajili ya dini au rangi katika kumwandikisha kukakatazwa. Ihungo, iliyokuwa shule ya Wakatoliki, na nyinginezo kama hiyo zikawa shule za watoto wote. Hii ilikuwa haki kubwa. Lakini sheria inaweza kufungua mlango wa darasa; haiwezi kufungua mlango wa moyo. Kijana anaweza kuandikishwa chuoni, akapewa kitanda na kitambulisho, kisha akakaa miaka mitatu akijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila ya kukaribishwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza tarehe 25 Oktoba, 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Kati yao mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning. Ebu fikiri, ndugu msomaji, maana ya kuwa mmoja kati ya kumi na wanne. Mtu wa namna hiyo, hata akiwa hodari, kila siku hutazama kama wenziwe wanamhesabu. Bibi huyo alikuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975, wizara ambayo kabla yake iliwahi kuongozwa na ndugu yetu Sheikh Kaluta Amri Abedi. Aliyekuwa peke yake darasani alishika sheria za taifa zima. Basi na ajihadhari kila amdharauye aliye peke yake.

Kwa nini Mungu ametuumba mbalimbali?

Watu wengine hudhani kwamba tofauti za watu ni ajali, au ni laana, na kwamba siku moja zitafutika. Kurani Tukufu inatufundisha kinyume cha hayo. Katika Sura Ar-Rum, tofauti za lugha na rangi zinatajwa pamoja na uumbaji wa mbingu na ardhi kuwa ni ishara za Mwenyezi Mungu kwa wenye elimu. Tazama jinsi ilivyosemwa: kwa wenye elimu. Maana yake ni kwamba yeye azionaye lugha nyingi na rangi nyingi kisha akachukizwa, ameshindwa kuisoma ishara iliyo mbele ya macho yake, hata akiwa na shahada tatu.

Na katika Sura Al-Hujurat (aya ya 14, ukihesabu na Bismillahi) Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba aliye bora mbele Yake ni yule amchaye zaidi. Hapo yamo mafundisho mawili. La kwanza, kusudi la tofauti ni kujuana. Watu wawili walio sawa sawa katika kila jambo hawana la kuulizana. La pili, daraja za watu anazijua Mungu peke Yake, kwani ucha Mungu umo moyoni, na hakuna chuo kinachoutahini.

Fundisho hili liliwafaa Waarabu waliojivunia nasaba, na linatufaa sisi pia. Katika falme za Wahaya watu walipangwa kwa tabaka na koo: huyu Muhinda wa ukoo wa wafalme, huyu Muhima, huyu Mwiru. Chini ya utaratibu wa nyarubanja mkulima alilima kibanja kilichohesabiwa kuwa ni cha bwana mwingine, akamtolea mazao. Utaratibu huo ulifutwa na sheria katika miaka ya 1960. Lakini nani asiyejua kwamba hata leo, katika kuposa au katika ugomvi, wako wanaouliza ukoo wa mtu kabla ya kuuliza tabia yake?

Chuo cha kwanza cha Waislamu

Ndugu msomaji, Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alipohamia Madina na kujenga msikiti, pembeni yake paliwekwa sehemu yenye paa iliyoitwa Suffa. Hapo walikaa maskini na wageni wasio na jamaa mjini, wakijifunza dini usiku na mchana. Tukisema kwamba hicho kilikuwa chuo cha bweni cha kwanza katika Islam hatukosei. Hadhrat Abu Huraira r.a., aliyetoka Yemen na ambaye kwake tumepokea Hadithi nyingi kuliko kwa sahaba mwingine yeyote, alikuwa mmoja wa watu wa Suffa. Na katika mji huo huo waliishi na kujifunza Bilal aliyetokana na Wahabeshi, Salman Mwajemi, na Suhaib aliyeitwa Mrumi, Mungu awe radhi nao wote. Kilichotukuza mahali hapo ni kwamba mtu asiye na jamaa ndiye aliyepewa nafasi karibu kabisa na nyumba ya Mtume s.a.w.

Yako mambo matatu katika historia hiyo ambayo kila mwanafunzi yafaa ayashike.

Kwanza, elimu haina kabila wala dini. Baada ya vita vya Badri walipatikana mateka wa Makka waliojua kuandika lakini hawakuwa na mali ya kujikomboa. Mtume s.a.w. alikubali kwamba kila mmoja wao akifundisha watoto kumi wa Madina kuandika, awe huru. Walimu hao walikuwa waabudu masanamu, tena ni watu waliokuja kupigana naye jana yake. Basi atakuwaje Mwislamu ambaye anakataa kujifunza kwa mwalimu Mkristo, Mhindu au asiye na dini? Na tena Mtume s.a.w. alimwagiza Hadhrat Zaid bin Thabit r.a. ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda mfupi.

Pili, hakuna mwanafunzi wa daraja la chini. Sura Abasa ilishuka kwa ajili ya kipofu, Hadhrat Abdullah bin Ummi Maktum r.a., aliyekuja kutaka elimu wakati ambapo wakubwa wa Makureshi walikuwa wakizungumzishwa. Sura hiyo inatufundisha kwamba mnyonge mwenye kiu ya elimu ana haki ya kusikilizwa mbele ya mkubwa asiye na haja nayo. Mtume s.a.w. alimheshimu sana kipofu huyo, hata mara nyingine alipotoka Madina kwa safari alimwacha awe kaimu wake mjini.

Tatu, neno la dharau ni ujinga wa zamani. Hadhrat Abu Dharr r.a. alipomtukana mtu kwa ajili ya mama yake, na katika baadhi ya riwaya mtu huyo anatajwa kuwa ni Bilal r.a., Mtume s.a.w. alimwonya kwamba angali na mabaki ya ujahili ndani yake. Abu Dharr r.a. alikuwa sahaba mkubwa, mcha Mungu na mkweli. Ikiwa yeye alionywa kwa neno moja, sisi tunaotaniana kwa makabila kutwa kucha tuna haja kubwa zaidi ya kuonywa. Na baada ya onyo hilo alionekana akimvika mtumishi wake nguo iliyo sawa na yake. Hiyo ndiyo toba: ulimi uliokosa ukafuatwa na mkono uliotengeneza.

Mambo manne ya kutenda

Sasa tuyalete mafundisho haya bwenini na darasani.

1. Lugha. Chukua chumba chenye vijana watatu, wawili wametoka Kamachumu na mmoja ametoka Lindi. Wale wawili wakirudi jioni wanaanza kuzungumza Kihaya, wanacheka, na yule wa tatu anabaki akitazama ukuta. Hawakumtukana, hawakumnyang'anya kitu. Lakini wamemtoa chumbani huku mwili wake umo. Mtume s.a.w. alikataza watu wawili wasinong'onezane mbele ya wa tatu, kwa sababu jambo hilo humhuzunisha. Kusema lugha asiyoijua mbele yake ni mnong'ono wa sauti kubwa. Kihaya ni lugha nzuri, wala hakuna anayeambiwa aiache. Lakini mbele ya mwenzi asiyeijua, Kiswahili ni sadaka.

2. Ibada na chakula. Mwislamu hufurahi akiona uongozi wa chuo unakumbuka kwamba mwezi wa Ramadhani anahitaji daku na futari, na kwamba Ijumaa mchana ana sala. Hiyo ni haki yake, na aiombe kwa adabu. Lakini je, amewahi kumwombea mwenziwe haki kama hiyo? Msabato hafanyi mtihani siku ya Jumamosi kwa sababu ya dini yake. Mtihani ukipangwa siku hiyo, nani atakwenda pamoja naye kwa mkuu wa idara? Kurani Tukufu, katika Sura Al-Haj, inatoa ruhusa ya kujilinda kwa ajili ya kuzihifadhi nyumba za watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, na misikiti imetajwa mwisho. Kwa hiyo Mwislamu anayetetea msikiti wake tu ametenda sehemu ya fundisho na kuliacha lililotangulia.

3. Asili ya mtu. Kagera imepakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Tangu zamani watu wa mipakani wana jamaa pande mbili. Ndiyo sababu mwanafunzi wa Ngara au Karagwe pengine huambiwa na wenziwe, kwa mzaha au kwa uchungu, "Wewe si wa kwetu." Kuchunguza uraia ni kazi ya serikali na sheria zake. Mwanafunzi hana mamlaka ya kumhukumu mwenziwe kwa urefu wa pua yake. Neno hilo hulala na mtu kitandani miaka mingi.

4. Ulemavu. Mjini Bukoba iko shule ya msingi iitwayo Mugeza Mseto, ambamo watoto wasioona, wasiosikia na wenye ualbino husoma pamoja na watoto wengine. Jina lake ni somo: mseto ni chakula cha nafaka na kunde zilizopikwa chungu kimoja, na kila punje bado inajulikana. Watoto hao hukua, na baadhi yao hufika chuo kikuu. Mwenye ualbino aghalabu macho yake ni dhaifu, hivyo humfaa kukaa mbele karibu na ubao na kupewa maandishi makubwa. Asiyesikia anahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Asiyeona anahitaji mtu wa kumsomea kitabu kisicho na maandishi ya nukta. Kanda ya Ziwa iliaibika mbele ya dunia, hasa tangu mwaka 2007, kwa mauaji ya watu wenye ualbino yaliyofanywa kwa sababu ya uchawi na tamaa ya mali. Mwislamu anayemwachia mwenziwe kiti cha mbele, akatembea naye jioni mpaka bwenini, anayakanusha mauaji hayo kwa vitendo.

Je, hivyo si kuichanganya dini?

Hapa wengine watasema: "Ukimkaribia mno mtu wa dini nyingine utapoteza dini yako." Hofu hii hasa huwapata ndugu walioingia katika Islam karibuni, nasi hatuidharau.

Yafaa tufahamu kwamba kumpa mtu nafasi si kukubali kila anachoamini wala kunywa kila anachokunywa. Wakristo wa Najran walipofika Madina kuhojiana na Mtume Mtukufu s.a.w., ulifika wakati wa ibada yao, naye akawaruhusu waifanye ndani ya msikiti wake. Baada ya hapo majadiliano yakaendelea, wala hakuificha itikadi yake hata kidogo. Ukarimu na ukweli vilikaa katika jengo moja. Mwislamu anayejua anachokiamini haogopi kuketi na mtu asiyekiamini. Na anayeogopa, dawa yake ni kusoma dini yake zaidi na kudumu katika sala.

Wahaya wana desturi ya kumpokea mgeni kwa kahawa kavu ya kutafuna. Na zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu walifanya omukago: walitumia buni moja yenye mbegu zake mbili, kila mtu akameza mbegu iliyopakwa damu ya mwenziwe, wakawa ndugu wa maisha. Islam imeharimisha damu, kwa hiyo Mwislamu hawezi kuifanya ibada hiyo. Lakini maana yake, kwamba mtu asiyezaliwa na mama yako anaweza kuwa ndugu yako kweli, aliikamilisha Mtume s.a.w. alipowaunganisha Muhajirina na Ansari wawili wawili, bila damu wala hirizi, kwa imani tu. Basi mpokee mgeni kwa kahawa, rubisi uiache. Desturi njema ishike, na kilichoharimishwa kiache, wala usimdharau mzee anayeshika desturi ambayo wewe umeiacha.

Mtihani wa Mwahmadiyya

Sasa yatupasa tujitazame sisi wenyewe. Mwanafunzi Mwahmadiyya huweza kufungiwa mlango mara mbili: mara moja kwa kuwa ni Mwislamu, na mara ya pili na Waislamu wenziwe wanaomwambia kwamba si mmoja wao. Huweza kusalimu na asijibiwe, au kuondolewa katika chama cha wanafunzi ambacho jina lake linasema ni cha Waislamu wote. Uchungu huo tunaujua.

Profesa Abdus Salam, aliyezaliwa mwaka 1926 katika wilaya ya Jhang, alisoma Cambridge kisha akarudi Lahore mwaka 1951 kufundisha. Huko alikuwa mpweke katika fani yake, bila wenzi wa kuzungumza nao elimu ya fizikia, akalazimika kuchagua kati ya nchi yake na elimu yake. Mwaka 1954 akarudi Cambridge. Mtu mwingine angalisema: mimi nimepata, kila mtu ajitafutie. Yeye aliukumbuka upweke ule. Mwaka 1964 alianzisha huko Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ili wataalamu wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini waweze kuja kila baada ya muda, wakutane na wenzi wao, kisha warudi kutumikia nchi zao. Hakuuliza dini ya mtu. Mwaka 1974 Bunge la Pakistan lilipitisha kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1979, aliyekataliwa kwao akapokea Tuzo ya Nobel, pamoja na wataalamu wawili wasio wa dini yake. Alipofariki mwaka 1996 akazikwa Rabwah, na neno "Mwislamu" likafutwa katika jiwe la kaburi lake. Lakini mlango alioufungua Trieste ungali wazi, na Waafrika wengi wameupitia.

Kadhalika, Hadhrat Hafiz Mirza Nasir Ahmad, aliyekuja kuwa Khalifatul Masihi wa Tatu r.h., alikuwa mkuu wa chuo cha Talim-ul-Islam tangu 1944 hadi 1965. Chuo kile kiligharimiwa na Jumuiya, walakini kilipokea wanafunzi wa madhehebu mengine pia, maskini na matajiri. Yeye ndiye aliyewapa Waahmadiyya, mwaka 1980 huko Hispania, wito wa mapenzi kwa wote bila chuki kwa yeyote. Wito huo ulitoka kwa mtu aliyekaa na vijana wa namna zote kwa miaka ishirini na zaidi.

Basi, ewe kijana Mwahmadiyya, ukifungiwa mlango usijibu kwa kufunga wako. Mwenyezi Mungu, katika Sura Al-Maida, anatukataza chuki ya watu isituondoe katika uadilifu. Aliyewahi kulala nje ndiye anayeijua baridi. Akipata nyumba, yeye ndiye atakayesikia haraka anayebisha hodi.

Somo la tarehe 10 Septemba

Tarehe 10 Septemba, 2016, siku ya Jumamosi alasiri, siku mbili tu kabla ya Idi ya Hija, ardhi ya Bukoba ilitetemeka. Watu zaidi ya kumi walifariki na maelfu ya nyumba yaliharibika. Majengo ya Ihungo na Nyakato, shule mbili za sifa, yaliharibika vibaya hata wanafunzi wakaondolewa. Ukuta ulipopasuka haukuuliza nani amebatizwa na nani ameshahadia, nani Muhinda na nani Mwiru. Na watu walipolala nje usiku ule walilala pamoja.

Ndugu msomaji, kwa nini tungoje ardhi itetemeke ndipo tukae pamoja? Wema wa chuo hupimwa kwa usalama wa moyo wa yule aliye peke yake ndani yake. Majengo mazuri serikali inaweza kuyajenga. Usalama huo ni kazi yako wewe, kuanzia chumba unacholala.

Maswali ya kujipima

1. Katika chumba chako, darasa lako au msikiti wako, ni nani aliye peke yake? Unalijua jina lake?
2. Ni lini mara ya mwisho uliomba haki kwa ajili ya mtu wa dini nyingine?
3. Kuna kabila au ukoo unaoutania kwa neno ambalo usingependa liambiwe mama yako?
4. Mgeni akija kwenu kesho kusoma chuo, nyumba yako itamfaidi nini?
5. Kama ulifungiwa mlango na watu fulani, je, umeshawaombea dua?

Mwenyezi Mungu atujalie elimu yenye manufaa, awafanye vijana wetu kuwa wenyeji wema popote watakapokuwa, na aulainishe moyo wa kila aliyetufungia mlango. Amin.